Nyati wa Ukurasa wa Thelathini na Moja

Mikono miwili ilikamata jarida moja kwa wakati mmoja.

Ilikuwa Nilkhet, kwenye vichochoro vya vitabu vya mtumba, asubuhi ya mvua ile ambayo Dhaka nzima inaikumbuka. Barabara ya Mirpur iligeuka mto, na kwa macho yangu nilimwona mbuzi akipita juu ya jokofu linaloelea, ametulia kama abiria wa daraja la kwanza. Asiyeamini mbuzi na aache. Mikono miwili ni kweli tupu.

Mmoja ulikuwa wa Shafayet, muuza miwani wa Elephant Road, mseja wa miaka arobaini na minane, shati lake jeupe limepigwa pasi kana kwamba mvua haimhusu. Wa pili ulikuwa wa mwanamke aliyevaa sari ya pamba rangi ya ukwaju mbichi, pindo limepandishwa kukwepa tope, ndala kazishika mkono wa kushoto na bangili za kioo zinalia kwenye mkono wa kulia.

"Kaka, achia," alisema mwanamke.

"Dada, mimi nilianza."

"Wewe ulianza kutazama. Mimi nilianza kushika."

"Msilichane jamani!" alipiga kelele Borhan, mwenye meza. "Hilo limeishi miaka mingi kuliko ndoa yangu, na limetunzwa vizuri zaidi."

Shafayet hakuachia. Kwa miaka mingi alikuwa akija pale kulisaka toleo hilo moja tu la jarida la vijana la mwaka tisini na saba. Kila nakala aliyoipata aliinunua na kuisukumia chini ya kitanda chake, ili isomwe na mende peke yao.

"Lakini dada, kuna nini humo cha kugombania?" aliuliza.

"Kuna mimi," alijibu mwanamke, akacheka. "Ukurasa wa thelathini na moja. Nilitukanwa vizuri sana siku hizo, nataka nisome tena."

Shafayet aliliachia jarida kama aliyeshika sufuria ya moto. Maana matusi ya ukurasa huo aliyaandika yeye.

Tuwekane sawa. Nilkuthi ilikuwa bendi ya magitaa ya kelele, bendi ambayo vijana wa Dhaka waliipenda kama timu ya mpira. Halafu, mwaka huo wa tisini na saba, wakatoa albamu iliyoitwa Bandari Nyingine. Kelele hamna. Kulikuwa na kinubi cha Mali, filimbi ya milima ya Peru, ngoma za Kituruki, mvua iliyorekodiwa juu ya paa la bati, na nyuma ya yote hayo msichana wa miaka kumi na tisa akiimba bila maneno. Shafayet, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyejificha nyuma ya jina la Sikio Kali, aliandika kwamba bendi imelala usingizi, na kwamba yule msichana "anaimba kama nyati aliyeshiba, aliyelala topeni, asiyetaka kusumbuliwa." Mji mzima ulicheka. Msichana hakuimba tena mbele ya watu.

Na sasa msichana huyo alikuwa amesimama mbele yake, ana miaka arobaini na minne, ni mjane, anashona blauzi za sari pale soko la Gausia, anaitwa Rehnuma, na ana kishimo shavuni.

"Mbona umebadilika rangi? Chukua basi, tusome wote," alisema Rehnuma.

"Hapana, hapana. Ni lako." Halafu, kwa ujinga ambao mapenzi huuleta mapema, akaongeza: "Ila mvua bado kubwa. Hapo kona kuna chai ya maziwa mazito."

Wakanywa vikombe vitatu kila mmoja.

Baada ya hapo ikawa simu. Simu ya mchana, simu ya jioni, simu ya kuulizana kama umekula.

"Haloo, Bwana Magazeti."

"Haloo, Bibi Sindano. Umekula?"

"Nimekula wali na samaki, miiba kumi na saba. Wewe?"

"Mimi nimekula sauti yako."

"Alaa! Maneno hayo umeyakopa kwa nani? Yarudishe upesi kabla mwenyewe hajayatafuta."

Alicheka, na Shafayet akacheka, kisha akakata simu akakaa akitazama miwani iliyopangwa kabatini. Miwani mia mbili nayo ikamtazama.

Siku moja Rehnuma akamweleza kilichompeleka Nilkhet. Wazee wa Nilkuthi waliobaki walitaka kuipiga Bandari Nyingine yote, wimbo kwa wimbo, katika ukumbi mmoja wa Dhanmondi, kuadhimisha miaka ishirini na mitano. Walimwomba aje aimbe.

"Nikataka nisome yale matusi tena," alisema. "Nikiweza kuyasoma bila kutetemeka, nitaimba."

"Ukatetemeka?"

"Kidole hiki kimoja. Mpenzi, huyo Sikio Kali yuko wapi leo, unadhani? Wakati mwingine naomba awe kiziwi. Halafu naona aibu, namwombea dua apone."

Hapo ndipo angesema. Ulimi ulikuwa tayari, mdomo umefunguka. Akasema: "Kesho njoo na shali, kutakuwa na upepo."

Walikutana bustani ya Ramna, alasiri ya Jumanne, siku ambayo Gausia hufungwa. Rehnuma alivaa sari ya kijani yenye mistari myembamba kama daftari la shule, na ua moja jeupe kwenye kisogo. Waliketi kwenye benchi. Akatoa simu na waya wa kusikilizia, kipande kimoja akakitia katika sikio lake, cha pili katika sikio la Shafayet.

"Sasa nyamaza. Hii ndiyo Bandari Nyingine. Imehamishwa kutoka kanda halisi ya studio."

Shafayet hakuwa ameisikiliza tangu siku alipoiandika. Kinubi kikaanza, kimechangamka. Ngoma zikaingia mbio kama watoto waliotoka madrasa. Mvua ikagonga bati, nyepesi, ya kufurahisha. Kisha ikaja sauti ya msichana. Ilikuwa juu, juu kabisa, nyembamba, inapaa bila kuguswa na kitu.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Mimi, mwehu wewe. Nani mwingine?"

Shafayet akakunja uso. Alikumbuka chumba chake cha zamani, na mhariri akidai makala ifike jioni. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kama kila siku mwaka ule. Alikuwa na redio ya kanda yenye betri alizozianika juu ya paa siku mbili mfululizo, akazing'ata kwa meno, akazianika tena. Betri za kuanikwa hazina nguvu ya kuzungusha kanda kwa kasi yake. Kanda ilijikokota. Filimbi ikawa honi ya meli, ngoma zikawa mtu anayehamisha kabati, na sauti ya msichana ikashuka mpaka tumboni mwa dunia. Watu walishamwambia albamu hii ni ya taratibu, ya ukungu. Akaamini ndiyo yenyewe.

Miaka yote alikuwa ameona haya kwa ukali wa maneno yake, lakini moyoni akijitetea kwamba angalau alichokisema kilikuwa kweli. Sasa hata hilo hakuwa nalo. Alikuwa amemnyamazisha mtu kwa ajili ya betri mbili.

Akachomoa waya sikioni. "Nimekumbuka... duka nimeliacha wazi."

"Duka? Shafayet! Nyimbo ziko tisa, tumesikia mbili!"

Alikwisha fika langoni.

Usiku simu haikulia. Asubuhi ikalia.

"Niambie ukweli," alisema Rehnuma. "Ni sauti, siyo?"

"Siyo sauti."

"Basi ni mimi. Mjane, mshona blauzi, nimekushusha hadhi?"

"Rehnuma, wallahi siyo wewe."

"Siyo sauti, siyo mimi. Basi ni benchi. Benchi lilikukera. Uso ulioukunja jana naujua. Ndivyo walivyonikunjia wote baada ya lile jarida. Nitawaambia kina Nilkuthi siji."

Akakata.

Alichofanya Shafayet kilikuwa cha mtu aliyezoea kalamu kuliko ulimi. Alikaa siku mbili akaandika makala: jina lake halisi, jina la Sikio Kali, redio, betri, kila kitu. Akaeleza Bandari Nyingine ilivyo ikisikika kwa mwendo wake. Akaomba radhi kwa msichana wa kwenye kanda, bila kumtaja. Akampelekea rafiki yake mhariri, wakakubaliana itoke Ijumaa ya wiki ijayo. Jumatano atamweleza Rehnuma mwenyewe, ana kwa ana. Mpango mzuri. Lakini tangazo la sabuni liliondolewa ukurasani dakika ya mwisho, mhariri akaona pengo, na makala ikatoka Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, kabla hajamweleza.

Rehnuma aliipokea kutoka kwa mteja aliyekuja kupima mikono ya blauzi. Alisoma amesimama, futi ya kupimia shingoni.

Simu ya Shafayet ililia saa nne.

"Rehnuma, nilikuwa..."

"Umewaambia Dhaka nzima," alisema. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wanywa chai wote wa mji huu wameambiwa. Mwenye duka la dawa ameambiwa. Mimi nimeambiwa na mteja, nimebana pini mdomoni. Mara ya kwanza ulinivua nguo gazetini. Mara ya pili umenivisha, gazetini vilevile. Hivi huna mdomo wewe?"

"Niliona aibu."

"Aibu yako ina wasomaji wengi sana."

Akakata. Siku kumi na moja hakupokea simu. Shafayet alikonda hata miwani yake mwenyewe ikawa inateleza puani. Wateja walitaka kujua kama ni mwandishi wa nyati. Mmoja alitaka saini.

Siku ya kumi na mbili alifunga duka mchana na kwenda Gausia kwa miguu. Ghorofa ya pili, kati ya maduka ya utepe na vifungo, duka la Rehnuma lilijaa wanawake kama basi la sikukuu: harusi zilikuwa zimekaribia. Wote waligeuka alipoingia.

"Mwanaume huyu anataka blauzi?" aliuliza mama mmoja mnene mwenye mwavuli.

"Nataka kusema na Rehnuma."

"Sema hapa hapa," alisema Rehnuma bila kuinua macho, mguu wake ukiendelea kusukuma cherehani. "Wewe ni mtu wa umma."

Kwa hiyo akasema. Safari hii hapakuwa na karatasi. Maneno yakatoka yamekatika, mengine yamerudiwa. Alisema alijua tangu Nilkhet. Alisema kila simu aliyopiga ilikuwa na nafasi ya kusema, na kila nafasi aliipita. Alisema alikimbia Ramna kwa sababu sauti ile ilikuwa nzuri na yeye ndiye aliyeizima.

"Ngoja," alidakia msichana mmoja bibi harusi mtarajiwa. "Huyu ndiye aliyemwita dada yetu nyati?"

"Ndiye."

"Na uso wenyewe huo!"

"Masikio ndiyo makubwa kumbe," alisema mama wa mwavuli. "Yasingemsaidia hata hayo?"

Duka lote likalipuka kwa kicheko. Shafayet aliinamisha kichwa, masikio yakamwiva kama pilipili, na hakutoka.

Cherehani ikasimama.

"Unajua mbaya ni nini?" alisema Rehnuma. "Ile sauti uliyoisikia Ramna sinayo tena. Miaka ishirini na mitano sijaitumia. Nimejaribu juzi bafuni. Juu haifiki. Imeshuka."

"Imba tusikie," alisema bibi harusi.

"Nyie mna wazimu."

"Imba, dada! Blauzi zitasubiri."

Rehnuma alitazama kitambaa chekundu kilichokuwa mkononi mwake. Akaanza pale pale ameketi, bila maneno, wimbo ule ule wa Bandari Nyingine. Kweli, ilikuwa sauti ya chini, nzito, yenye mikwaruzo kama kanga mpya. Haikupaa. Ilitembea polepole dukani, ikapita kati ya vifungo na utepe, na wauza duka wa pembeni wakatoa vichwa. Alipokosa pumzi alisimama, akavuta, akaendelea kana kwamba ndivyo wimbo ulivyo. Kidole kimoja kilitetemeka. Akakiacha kitetemeke.

Alipomaliza, mama wa mwavuli alijifuta macho kwa pindo, akamgeukia Shafayet. "Haya, bwana mkosoaji. Toa hukumu."

Wote walimtazama. Na mtu yule aliyekuwa na neno kwa kila kitu chini ya jua alifungua mdomo, akaufunga. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola iliyopigwa pasi.

"Hana la kusema!" alishangaa bibi harusi.

"Leo ndiyo kasikia," alisema Rehnuma. Akachomeka pini tatu kwenye kitambaa, moja, nyingine, nyingine, akijipa muda. "Nitaimba Dhanmondi. Kwa sauti hii hii. Asiyependa aandike."

"Rehnuma, mimi..."

"Bado nina hasira nawe, usijidanganye. Nitakuwa nayo mpaka Idi, pengine mpaka Idi ile nyingine." Akavuta uzi kwa meno, akaukata. "Ijumaa njoo nyumbani kwa mama. Utamweleza mwenyewe, kwa mdomo. Yeye ndiye aliyelichoma lile jarida la kwanza jikoni."

"Nitakuja. Saa ngapi?"

"Baada ya sala. Na usije peke yako. Njoo na shangazi yako."

Kila mwanamke mle ndani alijua mwanaume huenda na shangazi yake nyumbani kwa mwanamke kwa shughuli gani.

"Shangazi?" alisema Shafayet. "Kwa hiyo unamaanisha..."

"Sijamaanisha chochote. Nimesema shangazi." Kishimo kilijitokeza shavuni, akakificha haraka kwa kuinamia cherehani. "Sasa toka, unaziba mwanga. Na Shafayet..."

"Naam."

"Mweleze mama kwanza, kabla hajasoma mahali."