Mtu wa Kwenye Daftari

Siku ya treni, stesheni ya Mpanda huwa haina pa kukanyaga. Magunia ya mpunga, matenga ya kuku, akina mama na mabeseni ya ndizi, wapagazi wanaopiga kelele kama wao ndio wenye treni. Katikati ya vurugu hiyo Anuari, mwenye duka la vitenge sokoni, alikuwa amekaa juu ya robota lake lililoshushwa muda si mrefu kutoka Tabora, akisubiri mkokoteni. Alikuwa amenuna. Tangu mama yake afariki, miezi minne nyuma, usingizi ulikuwa umemkimbia na kila kitu kilimkera.

Ndipo alipogundua kwamba anatazamwa. Hatua chache kutoka kwake alikaa msichana mwenye gauni la kijani, nywele amesuka mistari, daftari magotini. Alikuwa anamtazama, anachora, anamtazama tena, bila haya yoyote.

"Dada, ndiyo unaniandikia kesi?"

"Usitikisike, kaka'angu. Dakika moja tu."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya mwalimu Dorice wa Misunkumilo. Wanafunzi wangu huwa hawabishi."

Anuari akajikuta ametulia kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipogeuziwa daftari, aliona mistari isiyozidi ishirini: mgongo uliopinda, mabega yaliyoanguka, mikono imelala mapajani. Uso haukuwepo, lakini alikuwa yeye.

"Nimezeeka hivi?"

"Hujazeeka. Umefiwa?"

Akashangaa amejuaje. Dorice akamwambia mwili hausemi uongo, ukiuchora sana unazoea kuusikia. Mkokoteni ulifika, ukasubirishwa, na mwenye mkokoteni akalalamika sana. Mpaka robota linaondoka, walikuwa wameshapeana namba za simu.

Ikawa kila Jumapili, Dorice akitoka kanisani, wanakwenda pembeni ya Misunkumilo, pale nyumba zinapoisha na miti inapoanza. Anuari hakuwa ameshika penseli ya kuchorea tangu shule ya msingi. Mti wake wa kwanza Dorice aliucheka mpaka akashika mbavu.

"Huu ni mti au ufagio?"

"Mti huo, mwalimu. Una njaa tu."

"Angalia, mpenzi. Chora unachokiona, siyo unachokijua. Kisichokuwepo mbele ya macho yako usikichore kabisa. Fuata gome taratibu, penseli isikimbie jicho. Na uvute pumzi, jamani! Hujafukuzwa."

Alifuata gome. Alifuata mafundo, na njia ya mchwa iliyopanda kwenye shina, na kwa nusu saa nzima hakukumbuka hata chembe ya huzuni yake. Usiku ule alilala mpaka adhana. Baadaye wakaanza kuchora watu: wanawake wanaopepeta mchele sokoni, wazee wanaocheza bao, dakika moja kwa kila mtu. Anuari akawa anachora dukani hata wateja wakiwepo. Watu walisema mapenzi yamempanda kichwani, na hawakukosea.

"Umekula, beibi?" Anuari alikuwa akiuliza kwenye simu mchana.

"Nakula chaki tu huku. Wewe?"

"Mimi nakula kwa macho. Nakuchora kwa kukukumbuka."

"Nimekukataza kuchora kwa kukumbuka! Utanipa pua ya Scolastica." Scolastica alikuwa mwalimu mwenzake, na pua yake ilikuwa haijifichi.

Mwezi wa sita Anuari alimpa kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu, kipande pekee cha aina yake dukani. Mwezi wa saba wakaanza kuongea mambo ya ndoa, na hapo ndipo palipokuwa na kisiki. Dorice ni Mkatoliki, mtoto wa Mwese huko milimani. Baba yake alishafariki, na baba yake mdogo, mzee Pontien, alisema hatoi binti kwa Mwislamu. Aliyebaki upande wao alikuwa mmoja tu: Bartolomeo, kaka mkubwa aliyemlea Dorice na kumsomesha.

"Kaka amesema nikulete akuone kwa macho yake," Dorice alimwambia. "Akiridhika, yeye atamalizana na baba mdogo. Lakini asipokuona, hakuna mwingine wa kutusemea. Jumamosi ya tarehe kumi, usinivunje moyo."

"Nitatambaa ikibidi."

Siku tano kabla ya safari, Dorice aliacha begi lake dukani akaenda kununua dagaa. Ndani yake kulikuwa na daftari kubwa jeusi ambalo Anuari hakuwahi kuliona. Halikuwa na jina wala mistari. Akaliweka mezani, na mkono wake ukalifungua kama ulivyozoea kufungua vitabu tangu utoto wa madrasa, kutoka kulia.

Ukurasa wa kwanza alioukuta ulikuwa na mwanaume amelala, amekonda, kageukia ukutani. Kiunoni amefunikwa kitenge chenye ndege. Kitenge chake! Anuari akafunua mbele. Mwanaume yuleyule ameinuliwa kukaa. Kisha ameshika bakuli. Kisha yuko kifua wazi, ukingoni mwa kitanda, nyama zimemrudi mabegani. Ukurasa kwa ukurasa aliendelea kunenepa, mpaka mwisho akawa amesimama mlangoni, pande la mtu, jembe begani, anacheka. Michoro hamsini na kitu. Hakuna jinsi ya kuchora hivyo bila kuwa naye chumbani, asubuhi na jioni. Dorice mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Akalirudisha daftari. Dorice aliporudi na dagaa wake alikuta begi liko barazani na mwenye duka kampa mgongo. Usiku alipiga simu mara nne. Ya tano Anuari akapokea.

"Nimekukosea nini, mpenzi wangu?"

"Huyo mwanaume uliyemuuguza mpaka akapona, mwambie akuoe yeye."

"Umesema akapona?"

"Nimeona kwa macho yangu. Usinifanye mjinga."

"Anuari, nisikilize kwanza..."

Akakata. Akaifungia namba. Jumamosi ya tarehe kumi alishinda dukani akipima vitenge, na kila aliyemsalimia alijibiwa kwa kununiwa. Alijaribu kuchora ili atulie. Alichungulia kila mtu aliyepita sokoni, lakini mkono ulimletea mabega yaleyale na kifua kilekile.

Wiki tatu baadaye Scolastica aliingia dukani.

"Shemeji, mbona hatukukuona msibani Mwese? Au ndiyo mmeachana hata kwenye mazishi?"

"Mazishi ya nani?"

"Bartolomeo, kaka yake Dorice. Tumemzika wiki mbili zilizopita, Dorice bado yuko huko."

"Bartolomeo? Amepata ajali?"

"Ajali gani? Ini. Tangu mwaka jana. Likimtafuna kidogo kidogo, mtu aliyekuwa anabeba magunia mawili kwa mpigo. Dorice akienda alikuwa anamchora, anasema bila hivyo angerukwa na akili. Alianza kumchora kaka yake akiwa mzima kabisa, na jembe lake begani."

Anuari alikaa chini, kwenye sakafu. Kitenge alikitoa mwezi wa sita tu, na aliyefunikwa nacho alikuwa yule aliyekonda kuliko wote. Ushahidi alikuwa nao mkononi, akauona, akaupita. Alikuwa amelisoma daftari kuanzia kifo kurudi kwenye uzima. Alilia mbele ya Scolastica, bila kujificha.

Kesho yake alikodi bodaboda kwenda Mwese. Barabara ilikuwa mawe na mashimo, kwenye miinuko akashuka akatembea. Mzee Pontien alimpokea kwa heshima, akampa kiti na maji, akapokea rambirambi. Kisha akasema, bila ukali, kwamba aliyekuwa anamtetea ameshazikwa, na marehemu hakuacha neno lolote, maana hakumwona mgeni wake.

Dorice alikuwa nyuma ya nyumba anachambua maharage. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani, na mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Pole, Dorice."

"Asante."

"Daftari nililifungulia nyuma."

"Najua. Uliposema 'akapona' niliwaza siku nzima. Halafu nikakumbuka unavyoshika vitabu. Nikapiga nikueleze, namba haipiti."

"Kwa nini hukuniambia anaumwa?"

"Alinikataza. Alisema usije kwa kumwonea huruma, uje kama mwanaume anayekuja kuposa."

Anuari akapiga magoti kwenye maganda ya maharage. "Tuanze upya. Kwa baba mdogo nitarudi hata mara mia."

"Siyo baba mdogo." Dorice aliweka ungo chini. "Jumamosi ile alitaka aogeshwe mapema. Akavaa shati lake la kanisani, limempwaya kama limetundikwa msumarini. Akakaa anaangalia mlango. Kila pikipiki ikipita ananiuliza, 'Dorice, ndiye huyo?' Namwambia bado kaka, yuko njiani. Jumapili akauliza tena. Jumatatu tena. Alhamisi hakuwa na nguvu ya kuuliza, pikipiki ikipita ananitazama tu, na mimi namwambia yuko njiani. Ndivyo alivyokufa, Anuari. Nikiwa namdanganya."

Anuari akamshika mikono.

"Nimekusamehe," Dorice alisema, na machozi yakaanza kumshuka. "Nakupenda bado, sitakuficha. Lakini tukioana, kila siku ukiingia mlangoni, moyo wangu utasema: ndiye huyu, kaka. Amefika. Sitaweza."

Walikaa pale wameshikana mikono mpaka mama yake Dorice alipomwita binti yake ndani. Anuari akaaga watu mmoja mmoja. Uani, dereva wa bodaboda alipotaka kuiwasha pikipiki, akamshika mkono na kumwomba asiiwashe pale. Wakaisukuma wawili kushuka kilima, mpaka walipoipita nyumba ya mwisho.