Jina Alilolililia Mtoto

Kiza kilikuwa kinaingia mtaani Komarock wakati Awiti alipotoka kwenda kununua maziwa. Mwanawe mchanga alikuwa amekataa titi tangu alfajiri, analia tu, na sauti ilizidi kufifia. Shangazi Winny alishataja majina ya wafu wote wa ukoo, maana mtoto wa Kijaluo hulilia jina lake. Likitajwa lenyewe, hunyamaza.

Huyu hakunyamaza.

Manyunyu yalikuwa yakianguka. Kando ya kioski alisimama kijana aliyejifunika gunia la makaa, kama wapakuzi wa mizigo wanavyojikinga mvua. Ila gunia hili lilimfunika mpaka uso. Lilikuwa na matundu mawili ya macho.

Na harufu... udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

"Mwite Wathome," akanong'ona. "Atanyonya."

Awiti alitoka mbio. Maziwa aliyasahau.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alipofika alimpakata mtoto, akamwinamia sikioni. "Wathome."

Kimya.

Mtoto akashika titi, akanyonya kwa pupa. Awiti alilia kwa furaha.

"Aki wewe! Kwani sisi ni Wakamba?" Shangazi alishangaa. "Kwetu nani aliitwa hivyo?"

Nyuma yao kikombe kilianguka. Cha Babu Oketch.

Babu ndiye aliyemlea Awiti, na sifa zake zilijulikana mtaa mzima. Wakati wa vita vya uhuru, akiwa kijana mdogo kwenye nyumba za reli kule Makongeni, alikuwa jasusi wa wapiganaji wa msituni. Alipeleka habari zao ndani ya kikapu cha maandazi. Alisimulia pia juu ya wasaliti, walivyoketishwa na askari wa mkoloni wakiwa wamevikwa magunia usoni, watu wakipitishwa mbele yao. Gunia likiinamisha kichwa mbele yako, umekwisha. Kila alipofika hapo, Babu alitema mate.

"Hilo jina umelitoa wapi?"

"Kwa kijana, Babu. Amejifunika gunia..."

Mzee alikaa chini pole pole. "Kikapu cha maandazi kilikuwa chake," alisema. "Tulilala kitanda kimoja, mimi na Wathome. Nilivaa gunia mara moja tu, Awiti. Mara moja tu."

Awiti alihisi moyo unachanika. Alikuwa ameringa na hadithi hiyo shuleni, kanisani, hata kwa wanaume. Kumbe alilelewa kwa sifa za marehemu. Alimpenda mzee huyu kuliko mtu yeyote, na sasa hakutaka hata kumtazama.

"Nimwone mtoto," Babu aliomba. Akasogea, akainama.

Mtoto aliachia titi. Shingo yake ilikuwa haijakaza bado, lakini aliinua kichwa mwenyewe. Akamtazama mzee machoni.

Akainamisha kichwa.

Mara moja tu.

Harufu ya udongo ikapenya chini ya mlango. Kisha hodi... taratibu.

"Awiti," Babu alinong'ona. "Waambie sipo."

Awiti alimfunika mtoto shuka. Akaenda kufungua.