Kucha za Mama Kimeli

Zamani, Aron akiwa hai, siku ilianza kwa birika. Aron aliwasha moto, Edinah akakamua ng'ombe. Walikunywa chai nzito, kisha wakashuka shambani pamoja. Miche ya majani ya chai waliipanda wenyewe mwaka waliooana. Ni Aron aliyemfundisha kuchuma: majani mawili na kichipukizi, unakata kwa kucha, huvuti.

Aron alipofariki, Edinah aliendelea kuchuma peke yake. Akiwa katikati ya mistari ile, alihisi kama mumewe yuko mstari wa pili.

Mwaka mmoja kucha zake zikaanza kuharibika. Zilikuwa nyembamba, zikabonyea katikati kama kijiko, zikavunjika ovyo. Sasa alivuta majani badala ya kukata. Kwenye kituo cha kuuzia, karani Kipkorir alimwaga kikapu chake juu ya gunia.

"Mama, hii umechuma ama umeng'oa?"

Watu walicheka, na karani akakataa kuyapima majani. Edinah alirudisha majani kwenye kikapu, akaenda nayo nyumbani.

Jioni hiyo wifi yake Janeffer alikuja.

"Mama Kimeli, kodisha hii shamba. Hata kilima unapanda ukihema kama ng'ombe mzee."

"Ni Aron alipanda."

"Najua. Lakini Aron hatakuja kuchuma."

Edinah alichukua birika. Alimmiminia chai.

Alijaribu mafuta ya kucha kutoka soko la Chepilat. Hayakusaidia. Mwishowe alienda zahanati. Nesi Wamuyu alimvuta kope la chini, akatazama viganja, akamdunga kidole apime damu.

"Mama, shida si kucha. Damu imepungua. Kucha zinatoa habari tu."

Akampa vidonge vya madini ya chuma, vya kuongeza damu. Alimwambia choo kitakuwa cheusi, asiogope, na vidonge aviweke mbali na watoto.

Edinah aliomba, akameza kila siku bila kukosa. Msimu wa mvua ndefu ukaisha. Kucha bado zilikuwa vijiko. Akarudi kwa Wamuyu akiwa ameinamisha kichwa.

"Labda Mungu anataka nikodishe."

"Ngoja kwanza. Unameza na nini?"

"Na chai, nikimaliza ugali. Bila chai hiyo dawa inasumbua tumbo."

"Chai nzito?"

"Sister, mimi ni mtu wa majani. Nitakunywa nyepesi nikimficha nani?"

Wamuyu alicheka mpaka akaketi.

"Mama, hiyo chai ndiyo inakunyang'anya. Inashika madini ya chuma tumboni, hayafiki kwa damu. Ya kidonge, ya maharagwe, ya mboga, yote."

"Sasa niache chai? Mimi?"

"Usiache. Itenganishe na chakula. Kula, ukae saa moja au mbili, ndiyo unywe. Kidonge meza na maji, halafu ule pera au chungwa. Hiyo inasaidia chuma kuingia. Tumbo likisumbua, meza na chakula, lakini si na chai. Na usisahau mboga za managu, maharagwe, na nyama ukipata."

Edinah alitazama kucha zake. Alikumbuka jikoni kwa mama yake, chungu cha mboga chungu, na maji ya mto kwenye kibuyu.

"Wakati wa mama yangu," alisema polepole, "chai ilikuwa ya mgeni. Haikuwa ya kushushia ugali."

Kutenganisha chai na chakula hakukuwa rahisi. Birika lilinukia mezani naye akaliangalia tu. Lakini pumzi ilirudi kwanza. Alipanda kilima akiimba wimbo wa kanisa. Kisha, polepole sana, ukucha mpya ukatoka kwenye shina, mgumu, ukisukuma ule wa zamani mbele.

Krismasi ilipokaribia, Kipkorir alimwaga kikapu cha Edinah, akapekua, akapima bila neno.

Siku hiyo Janeffer alikula kwa Edinah ugali na managu. Akatafuta kwa macho.

"Chai iko wapi?"

"Inangoja. Twende tuchume kidogo, tutakunywa tukirudi."

Waliingia shambani. Edinah alishika kichipukizi cha mstari wa kwanza, ule Aron alioanza nao. Akakikata kwa ukucha. Kilitoa mlio mdogo, kama zamani.