Mzigo Mwepesi wa Paukar

Ndugu zangu wa Kuzko, nisikilizeni, maana haya yametokea mtaani kwetu na kesho yanaweza kuwa ya nyumbani kwako.

Asubuhi ile kwa jirani yetu Paukar kulikuwa kumetulia. Viazi vilikuwa vinachemka, na binti yake Sisa, aliyekuwa hoi kwa homa, angalau alikuwa amepata usingizi. Mama yake, Chimpu, alikuwa amevuka milima kumfuatia majani ya dawa. Aliyafunga kwenye kitambaa, akayaweka kando ya meko, akaenda kuteka maji ya kuyachemshia.

Paukar akaamka amechelewa. Kazi yake ilikuwa kusimama ikulu akingoja kuonwa na mfalme. Na mnajua, hata uwe bwana mkubwa namna gani, huingii mbele ya mfalme bila kuvua viatu na kubeba mzigo mgongoni, uonekane mtumishi. Akaangaza macho, akakiona kile kifurushi. Kidogo, chepesi. Akakifunga mgongoni, huyoo!

Chimpu aliporudi akakuta dawa haipo. Alikimbia hadi lango la ikulu, akamwona mumewe ndani kwenye foleni.

"Baba Sisa! Hicho ulichobeba ni dawa ya mtoto! Nirushie tu!"

Walpa, aliyesimama nyuma yake akiimezea mate nafasi ya Paukar, akacheka. "Mheshimiwa, si shemeji yule? Nenda basi, nitakushikia nafasi."

"Simjui," Paukar akajibu bila kugeuka. "Vichaa wamejaa mji huu."

Alikuwa amekaribia pazia la chumba cha mfalme, na angetua mzigo angetolewa foleni. Jamani, mtu anamkana mkewe kwa ajili ya foleni! Hasira inanipanda hata sasa.

Walinzi wakamfukuza Chimpu. Alasiri pazia likafunguliwa, Paukar akainama mpaka chini. Mfalme alikuwa anakula. Hakumtazama.

Aliporudi alitukuta majirani tumejaa uani. Chimpu akatoka na mtoto aliyefunikwa shuka.

"Mzigo wa mfalme umeubeba," akamwambia. "Sasa mbebe mwanao."

Akambeba hadi makaburini, peku, kifurushi kikiwa bado mgongoni. Hakuna aliyethubutu kukifungua. Ikulu, mahali pake sasa anasimama Walpa.

MAFUNZO

Wanaotafuta cheo, sikieni: mfalme ana watu wengi wa kumwinamia. Mtoto wako ana baba mmoja. Akikuita, toka kwenye foleni.