Deki ya Pamfil

Maganda ya alizeti yalikuwa bado yana mate. Leontina aliyakuta saa kumi na robo alasiri, kwenye kisahani kando ya kochi la mumewe, na Pamfil alikuwa na wiki ya saba kaburini.

Akayatupa, akajiambia ni uchovu. Kesho yake akayakuta tena, na harufu ya tumbaku ya Pamfil juu yake.

Pamfil alikuwa fundi wa lifti hapa kwetu Brăila, na kila alasiri akitoka kazini alifunga mapazia akatazama filamu za kutisha kwenye deki yake ya kanda za video. Si zote, jamani, mtu yule alikuwa mchaguzi. Za damu kumwagika aliziita filamu za wachinja nguruwe. Filamu ikimwonyesha pepo kabla ya nusu saa kupita, aliizima. Yeye alipenda mlango unaofunguka polepole, hatua kwenye ghorofa tupu, na pepo asiyeonekana hata mwisho. Leontina alipenda za mapenzi. Alinuna, lakini alikaa naye miaka thelathini na moja, akimshika mkono penye kutisha. Sasa mkono wa kushika hana, na hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

Siku ya tatu alisikia hatua. Siku ya nne, akiwa anamenya viazi, kifuniko cha mdomo wa deki kikaanza kufunguka na kujifunga chenyewe, tak, tak, kama kwamba kuna mtu anasukuma kidole ndani na kukitoa, anasukuma na kukitoa, na nyuma ya mlio huo ikaja sauti ndogo ya mwanamume mzima anayelia huku akijizuia asisikiwe na mkewe.

Akakimbilia chini kwa Bibi Zenobia, anayejua mambo ya matanga. Wakanong'ona jikoni.

"Kwenye arobaini ulimtolea nini?"

"Kanda zake zote, bibi. Mia mbili na kumi. Nilimpa mlinzi wa kiwandani." Kwetu kitu ukikitoa kwa jina la marehemu, kinamfikia huko aliko.

"Na deki?"

Leontina akainamisha kichwa. "Nilibaki nayo. Kanda ya harusi yetu ningeitazamia wapi?"

Bibi Zenobia akapiga ishara ya msalaba. "Mwanangu, umempa mtu kanda bila deki. Ndiyo maana anarudi, maskini. Asipoipata atabaki hapo, si huku si kule. Niletee mimi, leo hii."

Hakuipeleka. Siku mbili nzima hakuipeleka, kwa sababu alimtaka Pamfil hata akiwa hivyo. Saa kumi ilipofika alikaa pembeni ya kochi, akanyoosha mkono, akamwomba ajionyeshe mara moja tu. Hakujionyesha. Alilia tu, na kila siku alilia zaidi.

Asubuhi ya tatu Leontina aliitazama kanda ya harusi mara moja ya mwisho. Kilio kilipoanza kabla hata haijaisha, akashindwa. Akachomoa waya, akaifunga deki kwa taulo, akaweka mkate na mshumaa juu, akashuka nayo.

"Hii ni ya Pamfil," akasema.

"Mungu amsamehe," akajibu Bibi Zenobia, akaipokea.

Saa kumi ilipita kimya. Leontina alikuwa amemwekea alizeti, hakuna iliyoguswa. Nyumba ilikuwa tupu kweli sasa, naye akalia kwa sauti.

Mlango ukagongwa. Bibi Zenobia alikuwa amesimama na kanda ya harusi mkononi, uso umempauka.

"Nimeikuta ndani ya deki. Ichukue, na useme kwa mdomo wako kwamba hukuitoa. Wewe umo humu, mwanangu. Ukimwachia, na wewe umetolewa."

Leontina akausukuma nyuma mkono ule wenye kanda.

"Kaa nayo, bibi," akasema taratibu, akafunga mlango.

Akaenda kukaa kwenye kochi la Pamfil. Harufu ya tumbaku ikaja, safari hii kutoka mbele, upande wa televisheni iliyozimwa. Akahisi anatazamwa, kama bibi harusi ndani ya kanda. Akafuta machozi, akatengeneza nywele zake.