Nilishuka Kwenye Fahali, Nikamuua Mtani Wangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na tatu. Nina duka la spea mjini Dodoma, nina wajukuu wanne, na kila Jumapili nakaa benchi la tatu kutoka mbele kanisani. Watu wananisifu kwa upole... Laiti wangejua!

Mkono huu ninaoandikia umemuua mtu. Polisi waliandika kuwa ni ajali. Haikuwa ajali. Nilikusudia, na nimekaa na siri hiyo karibu miaka thelathini.

Mimi ni Mgogo wa Bahi, na tangu ujana nilikuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa mkono. Nilishawahi kumcharaza mteja kwa fenibelti kwa kusema bei yangu ni ya wizi. Mke wangu wa kwanza aliondoka nyumbani jicho limevimba, wala sikumfuata kumwomba radhi. Nikajiona mwanamume! Leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Bidhaa zilizopotea madukani zilirudi, magari yaliyotumika yakaanza kushuka bandarini kwa wingi, na mwenye duka la spea kama mimi akanenepa haraka. Nikanunua gari kubwa jeusi la silinda sita. Nililipa jina la Fahali. Nikilipitisha Majengo, watu waliacha biashara zao wakageuza shingo.

Nje ya mji, upande wa barabara ya Kondoa, kulikuwa na uwanja wa zamani wa ndege ndogo uliokwisha kuachwa. Sisi wapenda magari tuliupangia mapipa na matairi mabovu, tukapata njia ya mzunguko yenye kona saba. Jumamosi moja kila mwezi tulikutana pale mchana kukimbiza magari. Sheria ilikuwa moja tu: kumpita mwenzako ni kwenye mnyoofu, pale njia isipo na kona, na gari lisiguse gari.

Fundi wangu alikuwa Severini, Mhehe wa Iringa, bonge la mtu mwenye kicheko cha kutikisa boneti. Wagogo na Wahehe ni watani: sisi hutaniwa kuwa ombaomba, wao kuwa wala mbwa. Wasiojua wajue: mtani anaweza kukutukana mbele ya umati, akavaa kofia yako, akala chakula chako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Kila asubuhi Severini aliingia dukani akinisalimu "mbukwa" ya Kigogo kwa sauti ya ombaomba, kiganja amekikinga. Mimi namjibu "kamwene" ya kwao, kisha namuuliza mbwa wa jirani yuko wapi, maana tangu jana haonekani. Tulicheka mpaka wateja wakasahau walichofuata.

Ni yeye aliyetengeneza kizimba. Alikata mabomba ya chuma, akayachomelea, akayafunga kwa bolti ndani ya Fahali juu ya vichwa vyetu, ili gari likipinduka paa lisitushukie. Alisema hataki nife, maana atabaki anamtania nani?

Sasa, Fahali lilikuwa na nguvu lakini lilikuwa zito. Kwenye mnyoofu halikuwa na mpinzani. Kwenye kona lilijiburuta, breki zinatoa moshi, matairi ya mbele yanaisha kama sabuni. Siku moja akaja mwalimu kutoka Morogoro na kigari cha viti viwili, injini nusu ya yangu, akanishinda kwa sekunde nne. Sekunde nne nzima!

Severini aliniambia ukweli. Alisema nguvu za Fahali zinanilemaza, kwamba nakosea kila kona kisha nakanyaga mafuta kuficha kosa. Akanishauri nitafute gari jepesi, linifundishe kuendesha. Nilimsikiliza. Nikaagiza kigari chekundu cha viti viwili, paa la turubai, chepesi kiasi kwamba wanaume wanne waliweza kukinyanyua. Fahali alilinunua Severini mwenyewe.

Kabla sijamkabidhi nilifungua kile kizimba. Nilimwambia nitajaribu kukikata kienee kwenye kigari changu, kisipoenea nitamrudishia. Hakikuenea. Nikakitupa nyuma ya duka, kuku wakakifanya mahali pao pa kulala.

Siku yangu ya kwanza na kigari kile ilikuwa aibu tupu. Nilikiendesha kama naendesha Fahali: nachelewa kushika breki, navuta usukani kwa nguvu, nakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari jepesi halitaki ubabe! Lilizunguka kama pia, likazimika katikati ya vumbi mbele ya watu wote. Severini akanishinda kwa gari nililomuuzia mwenyewe.

Alishuka, akakizunguka kigari changu polepole, akakipigapiga ubavuni. Kisha akapaza sauti umati usikie.

"Jamani! Mgogo ameshuka kwenye gari, amepanda bakuli lake la kuombea!"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Yule mwalimu wa Morogoro alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa nini siku ile sikucheka? Nimejiuliza swali hilo miaka yote hii. Angesema dukani asubuhi, ningemrudishia na mbwa wake tukaendelea na kazi. Lakini nilikuwa nimeshindwa, na aliyeshindwa masikio yake yanasikia vingine...

Niliokota spana ya magurudumu. Nikampiga nayo mdomoni. Nilisikia jino likivunjika, sauti ndogo kama mtu anayetafuna karanga. Alipoinama nikampiga begani, akapiga goti nikampiga mgongoni. Watu watatu walinivuta, nikampiga teke mmoja wao. Damu ya Severini ilidondoka vumbini ikakauka papo hapo.

Hakuna aliyewahi kuona mtani akipigwa kwa sababu ya utani.

Severini alitema jino kiganjani, akaliangalia. Kisha akacheka, mdomo umejaa damu. "Leo Mgogo kaomba jino," alisema, "nami nimempa."

Baba yangu mdogo, Mzee Chibago, alisafiri kutoka Bahi aliposikia. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Aliniambia kumpiga mtani ni mwiko, nipeleke mbuzi kwa Severini yaishe. Nikasema ndiyo baba, nimesikia. Sikupeleka hata kuku!

Ikapita wiki ya tatu, Severini akaja mwenyewe. Alisimama mlangoni na pengo lake, akasema amefuata mbuzi wake, na kama mbuzi hayupo basi nimpe kizimba, maana Jumamosi tunakimbiza magari. Nilimwambia kizimba kinalaliwa na kuku. Alidhani natania. Alinitazama, akaona sitanii, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umenyong'onyea.

"Haya, Mgogo," alisema. "Angalau kuku wako hawatakufa kwa ajali."

Akaondoka. Wasomaji wangu, kizimba kilikuwa hatua kumi kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Hatua kumi! Ningemwita tu...

Jumamosi ile upepo wa Agosti ulivuma tangu asubuhi, vumbi limefunika mpaka jua. Kwa muda wa mwezi mzima nilikuwa nimejifunza kigari changu. Nilijua sasa kukishika kwa vidole, kuingia kona bila kukurupuka, kukiacha kiende chenyewe. Kila kona nilimkaribia Severini. Ilibaki mizunguko miwili. Kwenye mnyoofu unaofuata au mwingine, ningempita kwa haki, na mimi ndiye ningecheka.

Lakini sikutaka kumpita. Nilitaka kumuumiza.

Kwenye kona ya tano, Fahali liliponionyesha ubavu, nilikanyaga mafuta. Niliichomeka pua ya kigari kwenye gurudumu lake la nyuma. Nililiona gurudumu, nikalilenga, nikaligonga! Fahali likateleza kiubavuubavu, likanasa kwenye kichuguu, likapinduka. Mara moja... mara mbili... mara tatu... Vioo vikanimwagikia usoni. Kigari changu kilirushwa kwenye mapipa, na mguu wangu wa kushoto ukavunjika mara mbili.

Nilitambaa kwa viwiko mpaka pale. Fahali lilikuwa limelala chali, magurudumu bado yanazunguka, paa limebonyea hadi kwenye viti. Pale ambapo kizimba kingekuwepo palikuwa na kichwa cha Severini. Walimtoa kwa jeki na mtaimbo. Uso wake sikuutambua. Nilimtambua kwa pengo.

Kabla mtu hajaniuliza chochote nilikuwa nimeshapiga kelele: "Vumbi! Sikumwona!" Polisi walipokuja nikawaambia vumbi. Wakaandika vumbi.

Tulilazwa wodi moja, vitanda vimepakana. Mkewe, Mama Flora, alikaa katikati yetu, anamlisha mumewe maji kwa kijiko, kisha anageuka ananipa na mimi. Na mimi nilikunywa!

Jumatatu mchana Mama Flora alitoka kufuata uji. Severini akafungua jicho moja, lile lililoweza kufunguka, akalielekeza kwangu. Nilijikunja nikisubiri laana. Aliongea kwa shida, neno moja moja.

"Mgogo... bakuli limejaa?"

Akajaribu kucheka. Damu ikamtoka puani.

Alijua. Alijua kila kitu, na bado alinitania! Mtani akikutania unamjibu, hata kwa neno moja. Nilichotakiwa kusema ni neno lolote... Niligeukia ukutani. Mama Flora aliporudi na kikombe cha uji, mumewe alikuwa ameshakata roho.

Alipomaliza kulia kilio cha kwanza, aliniuliza kama Severini alisema neno. Nikamwambia ndiyo, amesema uwalee watoto vizuri, na kwamba anaondoka hana kinyongo na mtu yeyote. Mnaona uovu wangu? Nilimwekea marehemu mdomoni msamaha wangu mwenyewe!

Tulimsafirisha kwa lori kupitia Mtera hadi kijijini kwao Iringa, mimi na plasta yangu nimeegemea jeneza. Huko msibani mtani ana kazi yake: kumwiga marehemu mpaka wafiwa wacheke. Na mtani mkubwa wa Severini nilikuwa nani? Walinikalisha kwenye kigoda uani, wakanipa ungo niushike kama usukani.

Nilifanya. Nilijaza tumbo hewa, nikaiga kile kicheko chake, nikapiga honi kwa mdomo, nikaukata ungo kulia na kushoto kama mtu aliye kwenye kona. Msiba mzima ulicheka huku machozi yakiwatoka. Mama yake mzazi, bibi kizee aliyekuwa hajala tangu jeneza lifike, alicheka akanishika mikono yote miwili. "Ahsante mtani," aliniambia. "Umetupunguzia uzito."

Nilichechemea hadi nyuma ya nyumba, ungo bado mkononi.

Mama Flora alibaki huko Iringa na watoto, na tangu hapo kila mwaka alinitumia gunia la viazi, na kikaratasi ndani: "Pokea, ombaomba wetu." Nilikula viazi vile mwaka hadi mwaka.

Mwaka jana nilishindwa kuvumilia. Nilipanda basi nikaenda. Nilimkuta barazani amezeeka, anachambua maharage kwenye sinia. Nikamwambia yote: spana, mbuzi ambaye sikumpeleka, kizimba, kona ya tano, na maneno ya mwisho ya mumewe, yale ya kweli.

Aliacha maharage. Akaniuliza kama ni kweli alisema hivyo, bakuli limejaa? Nikasema ndiyo. Basi akatabasamu, wasomaji wangu! Akasema huyo ndiye Severini wake, na kwamba yale maneno ya upole niliyomletea hospitalini hayakuwahi kumwingia akilini. Miaka yote alijiuliza mumewe alikufa akiwa nani.

Kisha tabasamu likaondoka. Alinyanyuka, akachukua kofia yangu kwenye msumari, akanikabidhi. Alisema mtani akikosea hutozwa mbuzi, lakini hili langu halina mbuzi. Kuanzia siku ile mimi si mtani wa nyumba ile. Ni mtu baki.

"Nenda salama, Bwana Lameck," alisema.

Tangu tujuane hakuwahi kuniita kwa jina langu.

Ndugu zangu, hasa ninyi vijana mnaopenda magari na mnaojua hasira zenu zilipo karibu, nawasihi. Nilibadili gari nikadhani nimebadilika. Nilijifunza kulishika kwa vidole gari jepesi, sikujifunza kuushika mkono wangu mwenyewe! Mtu akikucheka mbele za watu, cheka naye hata kama unaumia, kisha nenda nyumbani ukalale. Na ukiwa na kitu cha mwenzako ndani kwako, mpe leo. Usikihesabie hatua.

Kizimba bado kiko nyuma ya duka, sijakiuza wala kukikata. Kama kuna mkono wa sheria unaonitaka baada ya kusoma haya, nipo, sitakimbia kwa mguu huu.

Mwaka huu viazi havikuja. Asubuhi nafungua duka, wateja wananipa shikamoo, wananiita mzee, wananiita bwana. Hakuna tena mtu hata mmoja duniani mwenye ruhusa ya kuniita ombaomba... Na hamjui ninavyotamani niitwe!