Maji kwa Mkono wa Mwenzako

Gurudumu la mbele lilichomoka saa tatu asubuhi. Gari likaserereka kwenye ukingo wa korongo, likabingirika mara moja na kulala ubavu chini kabisa, kwenye mchanga mkavu.

Hamida alitokea dirishani akiwa na nundu kwenye paji la uso na hasira tele. Alikuwa daktari wa mifugo, mzaliwa wa Kondoa, na wiki nzima alikuwa ameimba ofisini kwamba gari lile si la kupelekwa porini. Hakuna aliyemsikiliza. Dereva wake, Mzee Matonya, Mgogo wa Miyuji aliyekaribia miaka sitini, hakutoka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umebanwa chini ya usukani. Hamida alipomvuta nje, mzee alipiga ukelele uliowatimua kware vichakani.

Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti na kutoboa ngozi.

"Usiniangalie hivyo, mwanangu," Matonya alisema, jasho likimtiririka. "Mguu mwingine si upo?"

"Nyamaza, baba, nikufunge."

Alivunja sanduku la chanjo, akapata mbao mbili, akaufunga mguu kwa vipande vya kanga. Dumu la maji lilikuwa limepasuka na mchanga umeshakunywa yote. Walibaki na chupa moja na nusu. Simu haikuwa na mtandao. Walikuwa wamekata njia ya mkato kufuata taarifa za mbuzi wanaokufa, na hakuna mtu ambaye angewatafuta kabla ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Walingoja siku nzima kivulini mwa gari. Hakupita mtu. Jumatano alfajiri Hamida alimlaza mzee juu ya turubai, akajifunga kamba kiunoni na kuanza kumburuta kuelekea mashariki, iliko barabara ya Chemba.

Jua la mwezi wa kumi halina huruma kule. Ardhi ni nyekundu, vichaka ni vya miiba mitupu, na kila baada ya hatua ishirini turubai lilinasa. Hamida alilinasua, akavuta, likanasa tena. Viganja vyake vilichunika. Kufika saa nne maji yalikuwa yamekwisha, na jeraha la Matonya lilikuwa limeanza kunuka. Harufu ile Hamida aliijua vizuri. Angekuwa ng'ombe, angejua la kumwambia mwenye ng'ombe. Mzee huyu asipofika kwa daktari kufikia kesho, hatapona, basi.

"Niache hapa," Matonya alisema. "Ukatafute watu."

"Sijazoea kuacha mizigo yangu njiani."

Kweli hakuzoea. Alikuwa kifungua mimba, aliwalea wadogo zake watano mama yao alipofariki, na tangu hapo alikuwa mtu wa kubeba. Kubebwa hakukujua, wala hakukupenda.

Adhuhuri aliona njiwa wakishuka nyuma ya kilima kidogo. Alimwacha Matonya chini ya mgunga, akawafuata mbio. Kulikuwa na korongo jingine, na katikati ya mchanga wake palikuwa na kisima kilichochimbwa kwa mkono na kuzungushiwa boma la miiba. Kata ya kibuyu ilining'inia kwenye mti. Hamida aliitungua, akachota, akanywa. Akanywa tena. Akajimwagia kichwani, akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Alipoinua uso, aliwaona.

Walikuwa wawili ukingoni, mwanamke na mwanamume, wamezungukwa na mbuzi. Warefu kupita kiasi, ngozi yao ya kijani kilichofifia kama mlenda mkavu, na kutoka kwenye taya la chini yalichomoza meno mawili marefu yaliyovishwa pete za shaba. Waoruku. Mjini huitwa mazimwi, na kina mama wa Chang'ombe huwatumia kuwatishia watoto wasiotaka kulala. Ati wanakula watu. Upuuzi mtupu! Watu hao hao wa mjini hununua mbuzi wao mnadani na kusifia supu.

"Nisaidieni!" Hamida alipaza sauti. "Nina mgonjwa!"

Waoruku walimtazama mara moja. Kisha, bila haraka, waligeuza migongo.

Aliwakimbilia. Aliita, alisihi, alimshika yule mwanamke mkono. Mwanamke aliutoa mkono wake taratibu, kama mtu anayejinasua kwenye mwiba, akaendelea kuhesabu mbuzi. Hakukuwa na chuki machoni pake. Ilikuwa kama vile Hamida hakuwepo. Hilo lilimuumiza kuliko tusi.

Alirudi kwa Matonya na chupa iliyojaa, akilia kwa ghadhabu. "Waoruku wako pale, baba. Wawili, wenye nguvu za kukubeba mpaka barabarani. Hawataki hata kuniangalia!"

Matonya alifumbua macho. Baba yake alikuwa akibadilishana chumvi na watu wale zamani, na yeye mwenyewe alicheza na watoto wao utotoni.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Nani alikunywesha?"

"Nani wa kuninywesha? Nilichota mwenyewe!"

Mzee alifumba macho tena. "Aa, mwanangu. Umejiua."

Akamweleza, kwa maneno machache kwa sababu pumzi ilikuwa haitoshi. Mworuku hajitii maji mdomoni. Tangu azaliwe hunyweshwa na mwenzake, naye humnywesha mwenzake, na jina alilonalo ni la yule aliyempa tone la kwanza. Ndiyo maana huwaoni wakitembea peke yao. Anayejinywesha ametangaza mbele ya watu kwamba hana mtu duniani. Na asiye na mtu, kwao, ameshakufa. Maiti haisemeshwi.

Hamida alimsogezea chupa. "Sawa. Kunywa, halafu tufikirie."

Matonya aliisukuma ile chupa kwa mkono. Midomo yake ilikuwa imepasuka, lakini aliisukuma. "Nikinyweshwa na maiti, hata wasipoona, na mimi nimekufa. Nipeleke kisimani. Nikunyweshe mimi, wakiona."

"Ule ukingo ni mkali. Mguu utafunguka, utatoka damu."

"Nipeleke."

"Nimeshakunywa mimi! Wewe ndiye mwenye kiu!"

"Hamida." Hakuwahi kumwita kwa jina lake tupu. "Leo kubali kupewa."

Alimshusha. Mzee aliuma kola ya shati lake ili asipige kelele, na katikati ya mteremko damu ilianza kulowesha kanga. Kufika kisimani alikuwa mweupe midomoni. Hamida alimkalisha, akamwegemeza begani, akampa kata. Matonya alichota, nusu ya maji ikamwagika. Alichota tena.

"Piga magoti."

Hamida alipiga magoti. Alijisikia aibu, aibu ya ajabu, kama aliyevuliwa nguo. Kisha alitazama ule mkono wa kizee, ulioloa damu na mchanga, ukimsogezea maji ambayo mzee mwenyewe aliyahitaji kufa na kupona, na aibu ikamtoka. Aliinama akanywa. Alikunywa huku analia.

Matonya aliinua uso kuelekea ukingoni na kupaza sauti kwa Kioruku, sauti iliyopasuka. Baadaye ndipo Hamida alipojua alichosema: "Huyu ana mtu! Mtu wake ni mimi!"

Mwanamke wa Kioruku aligeuka.

Alishuka kwa hatua tatu ndefu, akapokea kata na kumnywesha Matonya kidogo kidogo, kiganja kikubwa kikiwa kimemshika kisogo. Kisha akamtazama Hamida usoni, kwa mara ya kwanza. "Mimi Ghura," alisema kwa Kiswahili cha mnadani. "Yule kaka, Zugho. Mguu mbaya sana. Tunakwenda sasa."

Walimwachia binti wa boma la jirani mbuzi wao. Ghura alimbeba Matonya mgongoni kwa ngozi ya ng'ombe, na Zugho akamnywesha dada yake kila waliposimama, naye akamnywesha Zugho. Hamida walimnywesha kwa zamu. Walitembea mchana ule wote na usiku, bila kulala.

Asubuhi waliona mabati ya kijiji kando ya barabara. Waliona pia watu wakikimbia na mbwa wakifunguliwa. Jiwe la kwanza lilimpata Zugho kwenye sikio. Alimwita dada yake warudi. Ghura alimtazama kaka yake, akasikiliza pumzi ya mzee mgongoni mwake, akamwacha Zugho porini, akaingia kijijini. Hamida alitembea mbele, mikono juu, akiwatukana waliorusha mawe kwa Kirangi na kwa Kiswahili.

Zahanati ilikuwa na mganga mmoja, na bahati ya Mungu alikuwepo. Alishughulika kwa saa mbili. Alisafisha, akachoma sindano, akapigia simu gari la wagonjwa. "Mguu sijui," alisema mwisho. "Lakini mzee wako ataishi."

Hamida aliketi sakafuni. Muuguzi, dada mmoja aitwaye Evarista, alichungulia dirishani.

"Yule zimwi bado yuko," alinong'ona. "Tangu mmeingia amesimama pale bombani. Midomo imemkauka, anatazama maji tu. Kwa nini hanywi? Bomba si liko wazi?"

Hamida alikuwa ameshatoka.

Ghura alikuwa amesimama juani kando ya bomba lililokuwa likidondosha, mikono yake mikubwa imening'inia, watu wa kijiji wamemzunguka kwa mbali. Alikuwa amembeba mgeni kilomita arobaini mpaka mahali ambapo, bila kaka yake, hakuwa na wa kumnywesha. Hamida alichota kikombe, akamwinulia. Ghura alipiga magoti ili mdomo ufikike. Akanywa vikombe saba.

Kisha alichukua kikombe, akachota, akamnywesha Hamida. Akachota tena na kumnyooshea Evarista, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Evarista aliangalia yale meno. Aliwaangalia watu wa kijiji chake. Akashuka ngazi, akainama, akanywa.